KUTOKA KAGONGWA HADI MAKKA: NDEGE IMEFUPISHA MUDA, HAIKUFUPISHA SAFARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu Waislamu wa hapa Kagongwa, Kahama, Isaka, Shinyanga, Geita na popote mnaponisoma. Leo somo letu ni refu kidogo, naomba mnivumilie mpaka mwisho. Tutaangalia historia ya safari ya Makka kutoka huku kwetu bara: ni kilomita ngapi, zamani ilichukua muda gani, leo inachukua muda gani, kipi kimebadilika na kipi kipo palepale.

Limenisukuma neno moja linalosemwa sana siku hizi: "Hijja ya sasa rahisi, ni saa nne tu za ndege." Neno hilo ni kweli kwa upande mmja wa safari. Upande wa pili ndio unaowapoteza watu, na ndio nitakaoufikia baada ya historia.

1. TUANZE NA RAMANI

Ukipiga mstari ulionyooka kutoka hapa Kagongwa mpaka Al-Kaaba, utapata takriban kilomita 2,900. Ukipiga mstari kutoka Dar es Salaam, utapata takriban kilomita 3,140. Maana yake sisi wa huku, kwa mstari wa ramani, tuko karibu na Makka kuliko ndugu zetu wa Dar kwa zaidi ya kilomita 200. Wengi hawalijui hili.

Lakini hujaji wa kwetu hapai kutoka Kagongwa. Kwa kawaida anashuka kwanza Dar es Salaam, safari ya kama kilomita 1,000 kwa barabara kupitia Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, au anakwenda Mwanza kupanda ndege ya kumfikisha Dar. Yaani anaanza safari ya Makka kwa kwenda mbali zaidi na Makka. Hilo halikuanza leo. Tutaona kwamba hata babu zetu waliotembea kwa miguu walianza hivyo hivyo.

Jambo la pili kwenye ramani. Dar es Salaam, Addis Ababa na Jeddah ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, ile ya 39 mashariki. Kutoka Dar mpaka Jeddah ni kama kilomita 3,170, na ndege ya moja kwa moja inakwenda kaskazini tu, hailali mashariki wala magharibi. Ndiyo maana saa ya Dar na saa ya Jeddah ni moja. Ukishuka hugeuzi saa yako. Ndiyo maana pia anayepitia Addis Ababa hazidishi kilomita za maana, anazidisha muda wa kusubiri uwanjani tu.

Na ndege hiyo, kabla ya kuifikia Bahari ya Shamu, inapita juu ya nchi ya Habasha. Ndiyo nchi ambayo Masahaba walikimbilia mwaka 615, wakipigwa na kuteswa na Makuraishi, wakapokewa na Najashi. Wao waliivuka bahari wakiikimbia Makka kwa ajili ya dini yao. Leo sisi tunapita juu ya nchi ile tukiiendea Makka kwa amani. Ukikaa dirishani siku hiyo, likumbuke hilo.

2. ENZI ZA MIGUU

Sasa turudi nyuma. Karne ya 19, Mwislamu wa huku Unyamwezi na Usukuma akitaka kwenda Makka, kwanza alikwenda Tabora, ambayo wakati ule watu wakiiita Kazeh au Unyanyembe. Tabora ndipo njia zilipokutana: moja kwenda Ujiji, moja kuja kaskazini huku kwetu mpaka Ziwa Nyanza, na kubwa kuliko zote ile ya kwenda pwani, Bagamoyo.

Kutoka Tabora mpaka pwani ni kama kilomita 850. Msafara uliokwenda vizuri ulichukua miezi mitatu. Uliokutana na vita, njaa au mvua ulichukua zaidi. Mwingereza Richard Burton, ambaye mwaka 1853 alijigeuza na kuingia Makka akijifanya Mwislamu, alikuja huku kwetu miaka minne baadaye. Alitoka pwani mwezi Juni 1857 akafika Kazeh tarehe 7 Novemba. Siku 134. Mwenzake Speke, Julai 1858, aliondoka Kazeh kuelekea kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akakatiza nchi hii yetu, akaliona ziwa tarehe 3 Agosti. Karibu mwezi mzima kwa njia ambayo basi la leo linaimaliza kwa siku moja.

Waliobeba mizigo walikuwa wapagazi, na mashuhuri katika hao ni Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mpaka frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akazibeba begani au kichwani kutoka bara mpaka pwani. Wapagazi hao na wafanyabiashara wa pwani ndio waliotembea na Uislamu mpaka huku. Mtu alikwenda pwani na pembe akarudi na kitambaa na chumvi, na wapo waliorudi na shahada.

Wala tusifiche: njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Njia moja ilimpitisha anayekwenda kumwabudu Mola wake na anayemuuza mja wa Mola wake, na wakati mwingine wote wawili walikuwa ni mtu mmoja. Likumbuke hili, nitalirudia. Njia haimtakasi mtu. Kinachomtakasa ni alichokifanya kwa watu kabla ya kuishika njia.

3. ENZI ZA UPEPO

Haya, hujaji wetu amefika Bagamoyo, miguu imevimba, akavuka kwenda Unguja. Hapo hakusubiri gari wala viza. Alisubiri upepo.

Upepo wa Kaskazi, unaovuma kama Desemba mpaka Machi, huyaleta majahazi kutoka Arabuni. Upepo wa Kusi, unaoanza kama Aprili, huyarudisha. Na katikati ya Kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka mno, kwa hiyo manahodha walisafiri mwanzoni mwake au kuelekea mwisho wake. Huwezi kubishana na hilo. Ukichelewa wiki mbili, unaweza kukaa Unguja miezi.

Sasa zingatia, maana hapa pana fumbo la kalenda. Upepo unafuata jua: Kusi ni Kusi kila mwaka, miezi ile ile. Hijja inafuata mwezi mwandamo: kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, na mzunguko mzima unachukua kama miaka 33. Kwa hiyo ipo miaka ambayo Kusi ilimfikisha hujaji Hijazi siku chache kabla ya Arafa. Na ipo miaka ambayo ilimfikisha Hijja ikiwa imepita, akalazimika kungoja karibu mwaka mzima. Alipomaliza ibada, alingoja tena Kaskazi imrudishe.

Jumlisha sasa: miezi mitatu ya miguu, kungoja upepo, wiki kadhaa za bahari mpaka Aden, chombo kingine mpaka Jeddah, ngamia kutoka Jeddah mpaka Makka, halafu yote hayo kwa kurudi. Mtu wa bara aliyesema "nakwenda Hijja" alikuwa anaiaga familia yake kwa mwaka mmoja au miwili. Na aliyeaga alijua kwamba huenda asirudi, kwa ndui, kwa kipindupindu au kwa bahari.

Na bado walikwenda. Historia ya Kilwa inamtaja Sultani wake, Al-Hassan bin Sulaiman, kwamba katika ujana wake alikaa Aden miaka miwili akisoma, kisha akahiji. Ndiye Sultani aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, na Ibn Battuta mwenyewe alikuwa ametoka kwao Tangier mwaka 1325 kwa nia ya Hijja. Watu hawa hawakuwa na dira ya satelaiti. Walikuwa na nyota, upepo na nia.

4. STIMA NA RELI

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa bahari. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta stima kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, naye alinunua stima zake. Stima haingoji upepo. Kwa mara ya kwanza hujaji aliweza kuhesabu siku.

Mlango wa pili ukawa reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ile miezi mitatu ya mpagazi ikawa siku mbili tatu za behewa. Kisha Waingereza wakaijenga tawi la Tabora kwenda Mwanza, likafika Mwanza mwaka 1928, likipita hapo jirani yetu Isaka na kuendelea Shinyanga. Kuanzia hapo, mtu wa huku kwetu akaweza kupanda treni karibu na kwake na kushuka baharini bila kukanyaga njia ya msafara.

5. NDEGE

Hapa pana jambo ambalo vijana wengi wa Kanda ya Ziwa hawalijui. Kampuni ya Imperial Airways ilipofungua njia yake ya kwanza ya ndege kutoka London kuja Afrika, tarehe 28 Februari 1931, mwisho wa njia hiyo haukuwa Dar es Salaam wala Nairobi. Ulikuwa Mwanza! Njia ilipitia Cairo, ikashuka na Mto Nile kupitia Khartoum, ikaingia kwenye ziwa letu. Sehemu ya safari ilikuwa ni kwa ndege zinazotua majini. Ilichukua siku kama kumi, na watu walishangaa kwa wepesi wake.

Mwaka 1946 ikaanzishwa East African Airways. Ilipovunjika mwaka 1977, likazaliwa shirika letu la Air Tanzania. Mwaka 1981 Jeddah ikafungua uwanja mpya wa Mfalme Abdulaziz, ukiwa na jengo maalumu la mahujaji lenye mapaa kama mahema. Mwaka 2018 ikaanza treni ya mwendo kasi kati ya Makka na Madina kupitia Jeddah, kilomita 450 kwa saa mbili na ushee. Na hapa nyumbani, mwaka 2024, treni ya umeme ikaanza kati ya Dar na Dodoma.

Leo hujaji wetu anatumia muda mrefu zaidi ndani ya basi kutoka Kahama mpaka Dar kuliko ndani ya ndege ya moja kwa moja kutoka Dar mpaka Jeddah. Ndege inakwenda kama kilomita 850 kwa saa. Saa nne na nusu hivi, umefika.

Alhamdulillah. Ni neema. Katika Surat An-Nahl Allah ametukumbusha wanyama wanaotubebea mizigo mpaka miji tusiyoifikia ila kwa taabu, kisha akatuambia kwamba anaumba na tusivyovijua. Na Waislamu hatukupaswa kuwa watu wa kushangazwa na safari ya haraka. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alipelekwa usiku mmoja kutoka Makka mpaka Baytul Maqdis, umbali wa kama kilomita 1,240. Makuraishi wakacheka, kwa sababu misafara yao ilichukua mwezi kwenda na mwezi kurudi. Abubakar akasadiki, akaitwa Siddiq.

6. ALIVYOTUFUNDISHA IMAMU NAWAWI

Sasa tuingie kwenye moyo wa somo. Je, muda ukifupika, hukumu za safari nazo zinafupika?

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, miaka zaidi ya 600 kabla ya ndege, amelijibu katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu za Kishafi. Alipozungumzia kupunguza Swala safarini, alieleza kwamba bahari ni kama nchi kavu, na mtu akiukata umbali ule kwa chombo ndani ya saa moja tu, bado anapunguza. Kwa nini? Kwa sababu kinachotazamwa ni umbali. Muda hautazamwi. Umbali wenyewe ni takriban kilomita 80 na kitu. Aliyetoka Kagongwa kwenda Mwanza ni msafiri, akienda kwa punda au kwa ndege.

Tazama ufahamu wa wanazuoni wetu! Wamekuambia: saa zimepungua, lakini wewe bado ni msafiri. Na kama bado una ruhusa za msafiri, basi bado una wajibu wa msafiri. Huwezi kuchukua la kwanza ukaliacha la pili.

Tena kasi yenyewe inaongeza uangalifu. Wanaokuja kutoka kusini huangalia miqati ya Yalamlam, miqati ya watu wa Yemen. Jahazi lilikukaribisha miqati taratibu, ukaoga, ukavaa, ukanuia. Ndege inakula kilomita 14 kwa dakika moja. Ukisinzia dakika tano, umepitiliza kilomita 70. Kwa hiyo vaa ihramu yako mapema, ukae tayari, unuie kabla ya kuivuka.

7. AMBACHO NDEGE HAIKUFUPISHA

Yule babu wa mwaka 1880 kabla ya kuondoka alifanya nini? Aliambiwa na walimu wake yale yale yaliyoandikwa vitabuni, na Nawawi mwenyewe ameyaweka mwanzoni mwa kitabu chake cha Hijja: tubu, lipa madeni, rudisha amana, omba radhi, andika wasia, waachie familia yako matumizi mpaka utakaporudi. Aliyafanya kwa sababu alijua anaondoka mwaka mzima, na huenda asirudi.

Sisi leo tunaondoka kwa wiki chache, tukasema: nitalipa nikirudi. Hapo ndipo hatari ilipo, ndugu zangu.

Kagongwa ni mji wa mpunga. Mkulima anamwaga magunia yake mashineni, anaambiwa: subiri, mchele ukiuzwa utapata chako. Anasubiri. Anapiga simu, haipokewi. Mara anasikia mwenye deni lake yuko Makka! Huko migodini, kijana ameshuka duarani miezi mitatu, mgao wake haujatoka, anaona picha ya bosi wake mtandaoni amevaa ihramu. Mwenye ihramu anaomba dua Arafa, na kijana huyu naye anaomba dua yake akiwa shimoni, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kati yake na Allah. Dua hiyo haihitaji ndege, wala haina kilomita.

Tumefundishwa katika Hadithi kwamba hata shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Na Mtume wetu usiku wa Hijra, watu wamezingira nyumba wanataka kumuua, alimwacha Ali Makka arudishe amana za watu. Na wenye amana hizo walikuwa ni haohao wa Makka waliomkataa! Safari ya haraka kuliko ile, ya mtu anayewindwa, ipo? Na haikumzuia kurudisha vya watu.

Upande wa pili wapo waliolala. Uwezo katika Hijja ni nauli na matumizi yako, na matumizi ya unaowaacha mpaka urudi, baada ya madeni. Mwaka 1880 ilibidi uache chakula cha mwaka na zaidi, wangapi waliweza? Leo unaacha matumizi ya wiki chache. Kwa hiyo ndege haikuipunguza faradhi hii, imeipanua: imewaingiza watu wengi ambao zamani wangekuwa na udhuru. Wewe una mashine ya kukoboa, una viwanja viwili, una fuso, huna deni la mtu, na unasema: mpaka nizeeke. Babu yako alisubiri upepo. Wewe unasubiri nini?

Usisahau kwamba kusubiri bado kupo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi zimewekewa idadi, kwa kanuni ya mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja. Nafasi zina hesabu yake, kama majahazi ya Kusi. Anayejiandikisha mapema hupata.

8. LA KUFANYA

Basi ndugu yangu, dada yangu, fanya mambo manne.

Moja, chukua daftari leo, andika kila anayekudai, hata kibarua wa siku moja, hata gunia moja la mpunga.

Mbili, lipa, au mfuate mwenye haki uso kwa uso mpatane. Ujumbe wa simu unaotumwa kwa watu wote, "nisameheni nakwenda Hijja", haulipi deni la mtu.

Tatu, ukiwa safi na una uwezo, nuia, jiandikishe, na usome manasiki kabla ya kuondoka. Saa nne na nusu za ndege hazitoshi kujifunza.

Nne, ambaye huna uwezo, usihuzunike. Hukukalifishwa. Swala zako tano unazielekeza kule kule, kwa kibla chetu cha hapa: kaskazini, ukilala kulia kidogo, nyuzi kama 15. Kilomita zile 2,900 unazikata mara tano kila siku kwa kifua chako.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotembea kwa miguu wakaifikia Nyumba yako, na waliokufa njiani kabla ya kuifikia. Tuondolee madeni shingoni mwetu kabla hujatuita. Turuzuku Hijja iliyokubaliwa, na uturudishe kwa watu wetu tukiwa hatudaiwi. Amin.

Aliyenufaika amfikishie na mwenzake. Mwenye swali la fiqhi aulize hapa chini, tutajibiana inshaallah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.